Taa ya njano iliwaka, nikamlaumu asiyehusika

ILIKUWA saa 11 alfajiri, Jumamosi moja ya mwaka 2024, nilipowasha gari langu mjini Nyanza-Lac, kusini mwa Burundi, kuelekea mpakani Mugina. Ndani walikuwamo akina mama watatu, wafanyabiashara wa dagaa na mawese, waliotaka kuwahi soko la upande wa Manyovu, mkoani Kigoma, nchini Tanzania.

Mimi ni mwalimu. Jumatatu hadi Ijumaa niko darasani, na Jumamosi gari hilo dogo, Toyota iliyotumika ya mwaka 2004, hunisaidia kuongeza chochote juu ya mshahara. Siku hiyo lilikuwa na mafuta niliyoyatia usiku wa kuamkia safari, kutoka kwenye dumu la lita 10.

Wanaoishi Burundi wanaukumbuka mwaka huo. Vituo vya mafuta vilikaa siku nyingi, vingine wiki nzima, bila tone, kwa sababu nchi ilipungukiwa fedha za kigeni za kununulia mafuta nje. Mijini magari yalilala kwenye foleni. Sisi wa karibu na mpaka tulitegemea madumu yaliyovuka kutoka Kigoma au Uvira, na bei ilikuwa ile aliyoitaja mwenye dumu.

Mwanzoni gari lilikwenda vizuri. Tulipoanza kuliacha ziwa na kupanda milima ya kuelekea Mabanda, nikaona taa ya njano yenye umbo la injini imewaka kwenye dashibodi. Nikajisemea kuwa huenda ni joto la mlima, nikakanyaga mafuta.

Baada ya kona mbili hivi, taa ile ikaanza kuwaka na kuzima. Injini ikatetemeka kama mtu mwenye homa. Ilisikika sauti ya kugonga-gonga, nguvu zikapungua, na kwenye kioo cha nyuma nikaona moshi mweupe. Mama mmoja akasema, "Mwalimu, mbona gari linanuka kama kibatari?"

Sikumjibu. Nilikuwa nabadilisha gia ili tufike kileleni.

Hatukufika. Injini ilizimika katikati ya mlima, na papo hapo taa nyekundu zikajitokeza: ya oili na ya betri. Moyo ulinilipuka. Nilijua mkopo wa gari lile ulikuwa bado haujaisha, nikaamini injini imekufa.

Akina mama walishuka, wakapanga ndoo na magunia yao kando ya barabara. Mmoja wao alikuwa amechukua mtaji kwenye kikundi chao cha kuweka na kukopa, na zamu yake ya kurudisha ilikuwa wiki ile ile. Lori lililowachukua lilipita saa nne. Soko la asubuhi lilikuwa limewapita.

Nilifika kwa hasira

Kilichofuata sikijivunii, lakini ndicho kilichonifanya niandike makala haya.

Nilimwacha kijana alinde gari, nikarudi Nyanza-Lac kwa pikipiki. Sikwenda kwa fundi. Nilikwenda moja kwa moja kwenye kibanda cha muuza mafuta ambako mpwa wangu, mtoto wa dada yangu, alikuwa amenunua lile dumu jioni iliyotangulia.

Mwenye kibanda ni kijana wa miaka kama 30. Nilimkuta akipima mafuta kwa chupa. Mbele ya wateja wake nilimwita mwizi. Nikasema anachakachua mafuta, anawaua watu barabarani, na kwamba ameua gari langu.

Msomaji anayeijua mitaa yetu anajua kuwa neno "mwizi" likisemwa sokoni halirudi mdomoni. Watu walikusanyika. Mmoja akasema, "Hawa waliotoka Kongo ndivyo walivyo." Mwingine akapiga teke dumu, mafuta yakamwagika mchangani. Kama kiongozi wa mtaa asingepita wakati ule, sijui ningekuwa naandika habari gani leo.

Kijana yule alisema sentensi moja tu: "Mwalimu, mtoto aliniomba petroli, nikampa petroli."

Niliiona kuwa ni jeuri. Nikaondoka kumtafuta fundi.

Karatasi nyeupe

Fundi alikuja na begi lake na kifaa kidogo cha kusomea kompyuta ya gari, ambacho huchomekwa kwenye tundu lililo chini ya usukani. Kifaa kilitoa alama P0300. Alinieleza maana yake: injini inamisi, yaani mafuta hayaungui inavyotakiwa, na si katika silinda moja tu.

Kabla ya kufungua chochote aliuliza, "Dumu bado lina masalio?" Lilikuwamo kwenye buti, na ndani yake kulibaki kama lita mbili. Alidondosha matone kwenye karatasi nyeupe, akaiweka juani, juu ya bati, akaendelea na kazi nyingine.

Baada ya dakika kadhaa aliirudia. Doa la mafuta lilikuwa palepale, linang'aa kama karatasi iliyofungia maandazi. Akainusa, akacheka.

"Mwalimu, haya hayakuchakachuliwa. Haya ni mafuta ya taa matupu, na ni mazuri kabisa. Ila si ya gari."

Nilimpigia simu mpwa wangu. Nilimuuliza alipofika kibandani alisema nini. Akajibu bila wasiwasi, "Nilisema ulivyonituma, mjomba. Ulisema nilete petroli."

Nikakumbuka na jambo jingine. Jioni ile mtoto alirudi na chenji nyingi kuliko nilivyotarajia. Nilifurahi, nikadhani bei imeshuka. Sikumuuliza.

Neno moja, mafuta mawili

Nilizaliwa na kusomea Ulyankulu, mkoani Tabora, katika makazi ya Warundi waliokimbilia Tanzania mwaka 1972. Kiswahili changu ni cha darasa la Tanzania. Kwangu mimi petroli ni mafuta ya gari, dizeli ni mafuta ya lori, na yale ya kibatari ni mafuta ya taa. Nilirudi Burundi mwaka 2009 nikiwa na maneno hayo, na nyumbani kwangu ndiyo yanayotumika.

Lakini aliyekulia Burundi, Rwanda au mashariki mwa Kongo anayo orodha nyingine. Kwake mafuta ya gari ni esansi, ya lori ni mazutu, na petroli ni yale ya kutia kwenye taa.

Hakuna aliyekosea. Baada ya Vita vya Kwanza vya Dunia, Tanganyika iliwekwa chini ya Waingereza, na Ruanda-Urundi chini ya Wabelgiji waliokuwa tayari wanaitawala Kongo. Waingereza walilipa neno hilo mafuta ya gari. Wanaozungumza Kifaransa walilipa mafuta ya taa. Kiswahili chetu kikayapokea yote mawili, kila upande kwa maana yake, na mpaka ukapita katikati ya neno.

Mpwa wangu amezaliwa Burundi baada ya sisi kurejea. Shuleni na mtaani anasikia esansi. Nilipomtuma petroli alilichukua neno kama lilivyo, akalifikisha kwa mtu ambaye kwake lina maana moja tu.

Na mtu huyo ni nani? Ni mtoto wa wakimbizi wa mwaka 1972, kama mimi. Wazazi wangu walivuka kwenda Tanzania, wake wakavuka kwenda Kongo, naye akakulia Uvira. Sote tumerudi kwenye nchi moja tukiwa na Kiswahili cha majirani wawili.

Gari linapona, nyumba haiponi

Nilipokuwa nawaza hasara yangu, fundi alinipa wazo lililonikosesha usingizi.

Alisema nina bahati kwamba kosa lilikwenda upande ule. Hebu fikiria mama anayetoka Makamba akavuka hadi Manyovu na chupa yake ya kununulia mafuta ya kibatari. Anaomba petroli. Muuzaji, kwa nia njema, anampa petroli ya Tanzania. Usiku anaijaza kwenye taa, anawasha kiberiti, na watoto wamelala chumba hicho hicho.

Hilo ndilo jambo la kuogopa zaidi. Petroli hutoa mvuke unaoshika moto hata kwenye baridi kali ya nyuzi 40 chini ya sifuri. Mafuta ya taa, kwa kawaida, mvuke wake haushiki mpaka yafikie joto la nyuzi 38 au zaidi, ndiyo maana yanaweza kukaa ndani ya taa karibu na utambi bila kulipuka. Ukitia petroli kwenye kibatari au jiko la mafuta, umetengeneza bomu dogo.

Tena mvuke wa petroli ni mzito kuliko hewa. Hutambaa sakafuni, ukapita chini ya mlango na kulifikia jiko la mkaa lililo chumba cha pili. Kwa hiyo madumu tuliyokuwa tukiyaficha chini ya vitanda wakati wa uhaba yalikuwa hatari hata kama hakuna aliyeyagusa.

Taa zinasema nini?

Sasa turudi kwenye dashibodi. Wengi wetu tumejifunza kuendesha gari, lakini hatukufundishwa kuzisoma taa zake. Rangi ndiyo somo la kwanza: njano ni onyo, nyekundu ni amri ya kusimama.

Taa ya njano ya injini ikiwaka bila kupepesa, kompyuta ya gari imegundua kitu kisicho cha kawaida. Unaweza kuendelea polepole hadi kwa fundi. Kama imewaka muda mfupi baada ya kujaza mafuta, mtuhumiwa wa kwanza awe mafuta, au kifuniko cha tangi ambacho hakikukazwa. Anza na kifuniko, maana hakigharimu kitu.

Taa hiyo ikiwaka na kuzima, hali ni nyingine. Maana yake injini inamisi vibaya, na mafuta yasiyoungua yanatoka nayo kwenda kwenye ekzosi. Huko yanakutana na kile mafundi wanachokiita masega, yaani kifaa cha kusafisha moshi. Mafuta hayo huungulia humo, masega yanapata joto kupita kiasi, yanayeyuka au kuziba. Masega mapya ni ghali sana kuliko tangi la mafuta. Ondoa mguu, tafuta mahali salama, simama. Mimi nilikanyaga zaidi, na hilo ni kosa langu, halimhusu muuzaji.

Magari mengine ya kisasa huwasha pamoja na taa hiyo ile ya kuzuia kuteleza. Usidhani breki na injini vimeharibika siku moja. Mara nyingi kompyuta, ikiona injini haina raha, inazima kwa muda ule mfumo wa kuzuia kuteleza na kukujulisha.

Vipi kuhusu zile taa nyekundu za oili na betri zilizonivunja moyo mlimani? Fundi alinifundisha jambo rahisi. Injini ikizimika huku ufunguo ukiwa bado umewashwa, pampu ya oili imesimama na chaji ya betri imesimama. Lazima taa hizo ziwake. Ndizo hizo hizo unazoziona kila asubuhi kabla ya kupiga stata.

Kwa hiyo jiulize ipi ilitangulia. Kama injini ilizimika kwanza, kisha nyekundu zikaja, usikimbilie kununua oili wala betri. Lakini kama nyekundu ya oili imewaka wakati injini inaunguruma, zima gari hapo hapo, hata kama nyumbani pamebaki mita 100. Nyekundu ya joto vilevile.

Jambo jingine ni mafundi wa njia ya mkato. Wako wanaochomoa waya wa betri kwa dakika chache, taa ya njano inatoweka, wanadai malipo. Taa imezimwa, ugonjwa umebaki. Ni sawa na kumziba mdomo mtoto anayelia badala ya kumuuliza wapi panamuuma. Mafuta mabaya yakishatolewa na injini ikatulia, kwa kawaida taa hujizima yenyewe baada ya safari chache.

Uchakachuaji upo

Nisieleweke kuwa mafuta mabaya ni hadithi, na kwamba wauzaji wote ni watu wa kuombwa radhi. Uchakachuaji upo, na serikali za ukanda huu zimepambana nao.

Tanzania, katika bajeti yake ya mwaka 2011/12, ilipandisha ushuru wa mafuta ya taa kutoka shilingi 52 hadi shilingi 400.30 kwa lita. Sababu ilikuwa kwamba yalikuwa na bei nafuu, hivyo wajanja waliyachanganya kwenye dizeli na petroli. Kenya nayo, mwaka 2018, iliweka tozo ya shilingi 18 za Kenya kwa kila lita ya mafuta ya taa kwa sababu hiyo hiyo. Panapokuwa na tofauti kubwa ya bei kati ya mafuta mawili yanayofanana kwa macho, hapo ndipo kishawishi huzaliwa.

Mafuta ya taa yakichanganywa na petroli huungua kwa shida. Injini inagonga hasa mlimani, plagi zinashika masizi meusi, na sensa ya oksijeni iliyo kwenye ekzosi inapotoshwa. Mchanganyiko mdogo hauzimi gari siku hiyo. Unalila taratibu.

Maji ni adui wa pili, na mara nyingi huingia bila hila ya mtu: dumu liliachwa wazi kwenye mvua, au lilikuwa la maji na halikukaushwa. Maji ni mazito kuliko petroli, hivyo hukaa chini ya tangi, na pampu huvuta kutoka huko huko chini. Dalili yake ni gari kukohoa na kuzimika muda mfupi tu baada ya kujaza.

Adui wa tatu ni kubadilishana esansi na mazutu. Gari la petroli likinyweshwa dizeli hutoa moshi, likapoteza nguvu na kuzima. Likisafishwa mara nyingi hupona. Gari la dizeli likinyweshwa petroli ni msiba mkubwa zaidi, kwa sababu dizeli ndiyo inayolainisha pampu yake. Petroli inaikausha, na vyuma vinasagana.

Fanya hivi

Kwanza, mtu akikuletea dumu, mimina kidogo kwenye chupa ya kioo iliyo safi na kavu, uiache itulie. Kama kuna maji, utaona mstari, maji yakiwa chini. Uchafu nao utashuka.

Pili, fanya jaribio la karatasi nyeupe. Petroli safi hupotea hewani kwa dakika chache na kuacha karatasi kavu. Doa la mafuta likibaki, kuna mafuta ya taa au dizeli ndani. Fanya hivyo nje, mbali na moto na sigara, na karatasi hiyo usiichome kwa ajili ya kujionyesha.

Tatu, chuja kwa kitambaa kisichotoa nyuzi au chujio la chuma, na usitumie dumu lililowahi kubeba mawese au maji bila kulisafisha na kulikausha.

Nne, ukigundua kosa kabla ya kuwasha gari, usiwashe. Usizungushe hata ufunguo, kwa sababu katika magari mengi pampu ya mafuta huanza kazi pale pale. Sukuma gari kando, tangi limwagwe kwanza. Ukigundua ukiwa njiani, zima, usijaribu kulimalizia ili yaishe.

Tano, bakiza kidogo kwenye dumu au chupa. Masalio yale ya lita mbili ndiyo yaliyosema ukweli siku hiyo. Kama ningekuwa nimemimina yote, tangini kungekuwa na mchanganyiko tu, na mimi ningebaki na hakika yangu ya uongo hadi leo.

Sita, usimtume mtoto kwa neno moja. Sema "mafuta ya gari" au "mafuta ya taa". Maneno hayo ni marefu kidogo, lakini yanaeleweka Kigoma, Nyanza-Lac, Uvira na Cyangugu, na hayana mpaka ndani yake.

Nilirudi kibandani

Gari langu lilitolewa mafuta yote, likasafishwa plagi, likabadilishwa chujio. Jioni ya siku ya pili liliwaka. Taa ya njano ilikaa siku tatu hivi, kisha ikazimika yenyewe. Akina mama niliwarudishia nauli, na yule mwenye zamu ya kikundi nilimwombea muda kwa wenzake. Walimpa wiki moja.

Lililobaki lilikuwa gumu zaidi. Nilimtukana kijana yule mbele za watu, hivyo kumwomba radhi chumbani kusingetosha. Nilisubiri Jumamosi iliyofuata, saa ile ile wateja wanapojaa, nikaenda na mpwa wangu na kiongozi wa mtaa.

Nilisema kwa sauti kwamba nilikosea, kwamba aliuza kile alichoombwa, na kwamba neno lililoharibu gari lilitoka kinywani mwangu. Nikamlipa mafuta yaliyomwagika. Alizihesabu zile fedha polepole, akazitia mfukoni.

"Mwalimu," akasema, "wiki nzima watu wamepita hapa kama hawanioni. Fedha nimepokea. Lakini yule aliyesema sisi wa Kongo ndivyo tulivyo, huyo wewe huwezi kunilipia."

Sikuwa na jibu, na sina mpaka sasa. Aliyeitamka kauli ile alikuwepo, akatazama chini.

Kabla sijaondoka, kijana alimwomba mpwa wangu aandike kwenye madumu yake, kwa kuwa mwandiko wa mtoto ulikuwa mzuri kuliko wake. Tulitumia rangi nyekundu na ya bluu. Kwenye madumu mekundu aliandika MAFUTA YA GARI, na chini yake kwa herufi ndogo: esansi, petroli ya Tanzania. Kwenye ya bluu aliandika MAFUTA YA TAA, na chini yake: petroli ya hapa.

Madumu hayo yapo kibandani hadi leo, na wateja wanaovuka kutoka pande zote mbili husimama kuyasoma kabla ya kufungua pochi. Mimi hununua kwake. Na taa ya njano ikiwaka kwenye dashibodi yangu siku hizi, napunguza mwendo, naegesha kando, halafu nauliza kwanza.